Umri wa Ziwa Usomwavyo Katika Matope

Katika mazungumzo ya leo twataka kunena habari za swali moja ambalo watoto huliuliza na watu wazima huliacha: Ziwa hili lina umri gani? Mtu asimamapo ukingoni asubuhi, kama yu Mwanza, au Bukoba, au Kisumu, au Entebbe, akatazama maji yasiyoonekana ng'ambo yake, si rahisi kwake kudhani ya kuwa maji hayo yalikuwa na siku ya kuanza. Wajaluo huliita ziwa hili Nam Lolwe, Waganda huliita Nalubaale, na ramani huliita Ziwa Victoria. Lakini kwa jina lolote watu hulihesabu kuwa kitu cha siku zote, kama mbingu. Wataalamu wa miamba, ndio wanajiolojia, hawakuridhika na neno hilo la "siku zote". Walitaka hesabu. Nayo hesabu waliyoipata iliwashangaza wao wenyewe, ikazusha ubishi wa miaka mingi kati yao na wenye elimu ya samaki.

Kwanza hatuna budi kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Chungu chaweza kuwa cha bibi yetu, na maji yaliyomo yakawa yametekwa leo alfajiri. Tukiuliza umri, twauliza umri wa chungu au umri wa maji? Ziwa nalo ni vivyo hivyo. Kuna umri wa bonde linaloshika maji, na kuna umri wa maji yenyewe, yaani tangu yalipojaa mara ya mwisho bila kukauka tena. Kila swali lina njia yake ya kulijibu, na mtu atumiaye njia ya moja kujibia jingine atapotea.

Habari za chungu, yaani bonde la Ziwa Victoria, kwa ufupi ni hizi. Zamani sana mito ya nchi zile ilitoka mashariki ikaenda magharibi. Kisha nchi ya upande wa magharibi, kandokando ya lile bonde kuu la ufa walimo Ziwa Albert na Ziwa Edward, ikainuka polepole, kidogo kidogo, kwa muda usiopimika kwa maisha ya wanadamu. Mito ikazuiwa njia, maji yakarudi nyuma, yakatanda katika uwanda uliokuwa kati. Ndiyo sababu Ziwa Victoria ni pana mno, lakini si la kina kirefu. Upana wake ni kilomita za mraba zipatazo 68,800, na mahali penye kina kirefu kabisa hapazidi sana futi 260, yaani mita 80. Hata leo mto Katonga katika Uganda waonyesha alama ya mambo hayo: kati yake pana kinamasi cha mafunjo, na kutoka hapo maji mengine huenda mashariki, mengine magharibi, kana kwamba mto haujakata shauri.

Sasa tuje kwenye maji. Ziwa ni mwandishi mvumilivu. Kila siku vumbi, mchanga laini, majani, chavua za maua, magamba ya wadudu na mifupa ya samaki hushuka na kutua chini. Tope la mwaka huu hulala juu ya tope la mwaka jana, na la mwaka jana juu ya la mwaka uliotangulia. Kama hapana kitu kilichokuja kuvuruga, la chini ni la kale kuliko la juu. Kanuni hiyo kila mwenye kuchimba choo au kisima aijua, na jiolojia nzima imesimama juu yake.

Katika mwaka 1995 wataalamu, Mwamerika Thomas Johnson akiwa mmoja wao, walikwenda kuyasoma matope ya Ziwa Victoria. Kazi ilikuwa ya namna mbili. Kwanza walipiga sauti kutoka chomboni kwenda chini. Sauti hupita katika maji, hupita katika tope laini, na ikifika mahali ambapo kitu laini kimekutana na kitu kigumu, sehemu yake hurudi juu kama mwangwi urudivyo kutoka mlimani. Mashine huandika muda wa kwenda na kurudi, na chombo kikiendelea mbele huchorwa sura ya tabaka zilizomo chini ya maji ambazo jicho haliwezi kuziona. Katika sura hiyo walikuta jambo la ajabu. Chini ya tope laini palikuwa na mstari mmoja mkali, nao ulienea mbali sana chini ya ziwa, hata katika sehemu za kina kirefu kabisa.

Ndipo ikafuata kazi ya pili. Bomba refu la chuma hushushwa kwa kamba mpaka chini, likazamishwa katika tope, kisha likavutwa juu likiwa limejaa. Tope litokalo ndani yake lafanana na gogo refu. Hupasuliwa kwa urefu kama mtu apasuavyo muwa, na tabaka zote huonekana kwa mfuatano wake. Katika magogo hayo ya matope, sehemu ya juu ilikuwa laini, nyeusi, yenye maji mengi, kama matope ya ziwa yalivyo. Lakini bomba lilipofika kwenye ule mstari ulioonyeshwa na sauti, lilikuta udongo mgumu, uliokauka, na ndani yake mna vijizizi vya majani vilivyosimama wima, kama vilivyoota.

Wasikilizaji wetu watafakari maana yake. Majani hayaoti chini ya maji ya kina cha futi 200 na zaidi, kwa sababu mwanga wa jua haufiki huko. Ikiwa mizizi imesimama wima mahali pale, basi mahali pale palikuwa nchi kavu. Na kama mahali pa kina kirefu kabisa palikuwa nchi kavu, maji yalikuwa wapi? Wataalamu wale walijibu ya kuwa hayakuwako. Ziwa lilikuwa limekauka, na mahali ambapo leo mvuvi hutupa wavu palikuwa mbuga.

Ikabaki kujua ni lini. Hapa ndipo saa ya kaboni ilipohitajiwa, na tutaieleza kwa utaratibu, maana wengi wameisikia kwa jina tu.

Miale itokayo mbinguni hupiga hewa ya juu, ikafanya kiasi kidogo sana cha kaboni ya namna ya peke yake, iitwayo kaboni 14. Mimea huivuta pamoja na kaboni nyingine, wanyama huila katika mimea, nasi twaila katika vyote viwili. Kaboni hiyo haidumu; hujigeuza yenyewe kidogo kidogo ikawa kitu kingine. Maadamu mmea u hai, kilichopotea hujazwa tena. Mmea ukifa, hapana kujaza tena, na hazina yake yaanza kupungua. Mwamerika Willard Libby na wenzake walionyesha katika mwaka 1949 ya kuwa upunguaji huo waweza kutumiwa kama saa, na katika mwaka 1960 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Kipimo chake ni hiki: kila ipitapo miaka 5,730, nusu ya ile iliyokuwapo huwa imekwisha. Tuseme jani lilikufa likiwa na sehemu 100. Baada ya miaka 5,730 zimebaki 50. Ikipita tena miaka kama hiyo, zimebaki 25. Na tena, 12 na nusu. Ni kama ghala ambalo mwenyewe hula nusu ya akiba kila msimu naye hajazi tena. Mtu akikuta jani lililosalia na sehemu 16 hivi, ajua ya kuwa miaka kama 15,000 imepita tangu lilipokufa. Ikipita miaka 50,000 kinachosalia ni kidogo mno, hata robo ya sehemu moja haitimii, na hapo saa hii haifai tena.

Hata hivyo, mtaalamu mwangalifu haiamini saa yake pasipo kuikagua. Yako maziwa ambayo maji yake hupita katika mawe ya chokaa. Mawe hayo yana kaboni ya kale ambayo saa yake imekwisha zamani. Konokono wa ziwa hilo hujengea gamba lake kaboni hiyo, naye hata akifa leo, gamba lake hupimwa likaonekana la miaka mamia au maelfu. Kwa hiyo ni afadhali kupima kipande cha mkaa, au jani lililoota nchi kavu na kuanguka majini, kuliko kupima gamba. Twadhani kosa la namna hii limewapoteza watu wengi kuliko ubovu wa mashine.

Tena hewa yenyewe haikuwa na kaboni 14 kwa kiasi kimoja siku zote. Kwa hiyo miaka ya saa hii si sawasawa na miaka ya kalenda. Ilibidi kutafuta kitu ambacho miaka yake yaweza kuhesabiwa mmoja mmoja, ili saa isahihishwe kwacho. Duara za ndani ya miti zilifaa, kwani katika nchi za baridi mti huongeza duara moja kila mwaka. Maziwa nayo yalisaidia. Katika Sweden, mtaalamu Gerard De Geer alitambua tangu karne ya 19 ya kuwa udongo wa maziwa ya kale yaliyokuwa mbele ya barafu umepangwa kwa mistari, mweupe wa wakati wa joto na mweusi wa wakati wa baridi, na jozi moja ni mwaka mmoja. Akahesabu maelfu ya miaka kwa njia hiyo. Na katika Japani liko ziwa dogo liitwalo Suigetsu, ambalo matope yake yana mistari ya mwaka kwa mwaka pamoja na majani ya miti yaliyohifadhika vema. Hesabu zake zilizotangazwa mwaka 2012 zilifika nyuma miaka zaidi ya 50,000. Mtaalamu ahesabu mistari, apima kaboni katika jani la mstari ule ule, na mara ajua saa imekosea kiasi gani. Kwa namna hii majani yaliyoanguka katika ziwa la Japani husahihisha umri wa matope ya Mwanza.

Basi Johnson na wenzake waliupima mwanzo wa lile tope laini, wakapata miaka 12,400 ya saa ya kaboni. Ikisahihishwa kwa kalenda, hiyo ni karibu miaka 15,000. Walitangaza habari zao mwaka 1996. Utafiti uliofuata umeonyesha ya kuwa maji hayakurudi kwa siku moja. Palitangulia vinamasi na maji haba, labda tangu karibu na miaka 17,000 iliyopita, ndipo ziwa likajaa. Hata tukichukua hesabu iliyo kubwa, maji ya Nyanza ni kijana. Watu walikuwako katika nchi zetu zamani sana kabla yake.

Labda msikilizaji atauliza jinsi maji mengi hivyo yawezavyo kwisha. Jibu limo katika hesabu ya ziwa lenyewe. Karibu sehemu 80 katika kila 100 za maji yaingiayo Ziwa Victoria ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, wala si mito. Na sehemu kubwa ya yatokayo huchukuliwa na jua. Ziwa pana lenye kina kidogo ni kama maji yaliyomwagwa katika sinia. Mwishoni mwa zama za barafu, wakati Ulaya ya kaskazini ilipofunikwa, mvua za nchi zetu zilipungua mno. Jua likala kuliko mvua ilivyoleta. Mto Naili, utokao ziwani huko Jinja, haukuwa na cha kutoka nacho. Wazee wenye kukumbuka miaka ya 1961 hata 1964, mvua zilipozidi na ziwa likapanda zaidi ya mita 2 na kufunika mashamba na gati, wanajua jinsi ziwa hili lilivyo jepesi kuifuata mvua. Mambo ya kale yalikuwa hayo hayo, ila kwa upande wa kupungua.

Na umri wa chungu? Chini ya ule udongo mgumu kuna matope mengine ya kale, ambayo kaboni haiwezi kuyapima. Hapo wataalamu hutumia unene. Wakijua kwa sauti tabaka zote zina unene gani, na wakijua kwa kaboni tope la juu hujilimbikiza kiasi gani kwa miaka elfu, wao hugawanya. Kwa njia hii bonde la Ziwa Victoria limekadiriwa kuwa na miaka kama 400,000. Njia hiyo hiyo ilitumiwa kwa Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake ni mita 1,470, na Andrew Cohen na wenzake mwaka 1993 walipata miaka kati ya milioni 9 na milioni 12 kwa sehemu yake iliyo ya kale. Sisi twasema makadirio haya yapokewe kwa heshima, lakini kwa mkono mmoja. Tope la chini limebanwa na uzito wa lile la juu, na hapana mtu awezaye kuapa ya kuwa lilitua kwa mwendo mmoja siku zote. Wako wengine wasemao ya kuwa Ziwa Tanganyika ni dogo kwa umri kuliko hivyo.

Palipo na volkano mambo huwa imara zaidi. Katika korongo la Olduvai, ambalo jina lake latokana na oldupai, yaani mkonge wa porini kwa Kimasai, palikuwa na ziwa la chumvi lisilo na mahali pa kutokea maji. Volkano za jirani zilimwaga majivu, yakatua juu ya matope ya ziwa, yakafunikwa na matope mengine. Ndani ya majivu mna madini yenye potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole ikawa gesi ya argoni. Jiwe likiwa bado limeyeyuka, gesi hutoroka. Likiganda, gesi hufungwa ndani. Kwa hiyo saa huanza siku ya mlipuko, nayo huenda taratibu kabisa: nusu yake ni miaka milioni 1,250. Mary Leakey alipofukua lile fuvu mashuhuri mwaka 1959, kando ya ziwa hilo la kale, mumewe Louis Leakey alikisia miaka 600,000. Mwaka 1961 yeye pamoja na Evernden na Curtis walitangaza kipimo cha majivu: miaka 1,750,000. Vipimo vya baadaye vimeisogeza hesabu hiyo mbele kidogo, hata miaka kama 1,840,000.

Tuurudie ule ubishi tulioutaja. Katika Ziwa Victoria kuna samaki wadogo waitwao furu, ambao Waganda huwaita nkejje. Aina zao zilipohesabiwa zilizidi 500, na nyingi hazipatikani mahali pengine popote duniani. Mmoja hula konokono, mwingine hukwangua majani ya maji juu ya mawe, mwingine hula samaki wenzake, na meno ya kila mmoja yamefanyika kwa chakula chake. Wenye elimu ya samaki wakauliza: aina 500 zitatokeaje katika miaka 15,000? Mwingereza Geoffrey Fryer, aliyewajua samaki wa maziwa ya Afrika kwa miaka mingi, aliandika mwaka 2001 kupinga habari ya kukauka kabisa. Ikiwa samaki ni wa kale, alisema, basi maji yalibaki mahali fulani. Wataalamu wa matope wakajibu ya kuwa wao wameikuta mizizi, wala hawawezi kuifanya isiwepo.

Jibu likapatikana katika damu ya samaki wenyewe. Mwaka 2017 Joana Meier na wenzake walieleza ya kuwa furu hawa wametokana na mchanganyiko wa nasaba mbili, moja ya upande wa Kongo na moja ya upande wa Naili ya juu, zilizokutana zamani sana kabla maji hayajarudi. Kwa hiyo walipoingia katika ziwa jipya walikuwa tayari wamechukua urithi wa namna nyingi. Ziwa liliwapa nafasi tu ya kuugawana. Urithi ni wa kale, aina ni mpya, na pande zote mbili zilikuwa zimeshika sehemu ya kweli. Wengi wa furu hao wamekwisha kuliwa na sangara, aliyetiwa ziwani tangu miaka ya 1950, na hilo ni jambo la kusikitisha, kwa kuwa hawapo tena wa kupimwa.

Lakini meno yao yamo katika matope. Mwaka 2023 Nare Ngoepe na wenzake walitangaza ya kuwa wamechambua magogo ya matope ya ziwa hilo, tabaka kwa tabaka, wakaokota maelfu ya meno na vipande vya samaki, vingine vidogo kama chembe ya mchanga. Katika tabaka za mwanzo waliwakuta furu pamoja na jamaa nyingine za samaki, wameingia karibu wakati mmoja, hapana aliyemtangulia mwenzake. Ziwa lilipozidi kuwa na kina, wale wengine wakapungua katika maji ya mbali na ukingo, nao furu wakaenea.